Mkalimani wa Bima

Katika kijiji kimoja cha kata ya Busawe, mgeni yeyote aliyekuja na maneno magumu alipelekwa kwanza kwa Scholastica Nyangwine, fundi cherehani. Alikuwa ametafsiri mahubiri ya mapadri watatu, semina ya chanjo ya mifugo na hotuba ndefu ya bwana mmoja wa mbegu. Wazee wengi wa hapo Kiswahili wanakielewa, lakini jambo likigusa mali au familia wanataka kulisikia kwa Kingoreme, lugha yao ya nyumbani.

Kwa hiyo Lusekelo alipofika Jumamosi moja na begi lililojaa fomu, mwenyekiti wa kitongoji hakupoteza muda, akampeleka kwa Scholastica. Lusekelo alikuwa kijana wa Mbeya, wakala wa bima ya maisha, na kazi hiyo alikuwa na wiki tatu tu tangu aianze.

"Utaweza kutafsiri, mama?" aliuliza.

"Nimetafsiri habari za ufufuo wa wafu," Scholastica alimjibu. "Bima itanishinda?"

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Watu kama arobaini walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Lusekelo alisimama ubaoni akaanza vizuri tu. Alisema kuna bima ya maisha yote, iliyo ghali, na bima ya muda maalumu, ambayo mtu anachagua miaka, tuseme kumi au kumi na mitano. Scholastica akageuza maneno hayo kwa Kingoreme, na watu wakatazamana. Alichokuwa amesema ni kwamba mtu anachagua atakufa baada ya miaka mingapi.

"Miaka kumi ni michache!" alilalamika mzee mmoja wa nyuma.

Lusekelo hakujua kilichotokea, akaendelea. Akasema kila mwenye bima humtaja mnufaika. Neno hilo Scholastica hakuwahi kukutana nalo. Alilipima haraka kichwani, akasikia ndani yake "kunufaika", akatafsiri: yule atakayekula wewe ukifa.

Hapo Robi, mke wa Mzee Simioni, akasimama. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. "Mimi nimle mume wangu?" aliuliza. "Nimemlisha miaka thelathini, leo nimle?"

Watu walicheka hadi dawati moja likavunjika mguu. Mzee Simioni hakucheka. Alichukua fimbo yake, akasema hawezi kukaa mahali ambapo mkewe anafundishwa kumsubiri afe, akatoka. Wengine wakamfuata, wengi wao bado wakijifuta machozi ya kicheko. Baada ya dakika tano darasani walibaki Lusekelo, Scholastica na fomu zilizotawanyika.

Lusekelo alikaa kwenye dawati, kichwa mikononi. "Nimekosea wapi?"

Scholastica aliona aibu ikimpanda. Angeweza kusema watu wa huku ni wagumu, na kijana angeamini. "Hukukosea wewe," alisema. "Nilitafsiri maneno nisiyoyaelewa. Twende nyumbani ule, kisha unieleze moja moja. Kesho baada ya ibada tutawaita tena."

Alimpikia ugali wa mtama na samaki, akaweka na kibuyu cha maziwa ya mgando. Walipomaliza kula aliketi kwenye kiti cha cherehani yake, akaanza kumhoji kama hakimu.

"Hiyo ya muda maalumu. Miaka kumi ikiisha na mimi nipo hai?"

"Mkataba umeisha. Hupewi kitu."

"Kwa hiyo nimeliwa?"

Lusekelo alikunja uso. Kijitabu cha kampuni alikuwa amekikariri, lakini swali hilo halikuwemo. Scholastica mwenyewe ndiye aliyepata jibu. Huko kwao tembo hutoka hifadhini wakati wa mahindi, na watu huajiri mlinzi wa shamba tangu mbegu inapochipua hadi siku ya kuvuna. Tembo wasipokuja, hakuna anayemfuata mlinzi kumdai ujira wake urudi.

"Ni mlinzi wa msimu!" alisema akipiga goti. "Na hiyo ya maisha yote ni mlinzi asiyeondoka mpaka siku unayozikwa. Ndiyo maana ni ghali zaidi."

"Ndivyo hasa," Lusekelo alisema, naye akaanza kuchangamka. "Halafu kuna bima ya akiba. Ukifa ndani ya muda, familia inalipwa. Muda ukiisha ukiwa hai, unalipwa wewe mwenyewe. Hii ndiyo nzuri kuliko zote."

"Mkulima akikosa mvua, akashindwa kuchangia mwaka wa pili?"

Lusekelo alifungua kijitabu, akasoma, akarudia kusoma maandishi madogo ya chini. "Anapata kidogo sana. Au hapati kabisa."

"Hilo utalisema kesho."

"Mama, nikilisema watu watakimbia."

"Leo wamekimbia bila wewe kulisema," Scholastica alisema, na wote wawili wakacheka.

Jumapili walikuja watu kumi na tisa, wengine kwa matumaini kwamba Robi atasema tena jambo. Scholastica alianza kwa kuomba radhi mbele yao wote. Akaeleza kwamba mnufaika ni mtu atakayepokea fedha za bima, kama mkono wako uliobaki hapa duniani, ili siku ukiondoka watoto wasirudi nyumbani kwa kukosa ada. Kisha akaleta habari ya mlinzi wa msimu na mlinzi wa kudumu, na watu wakaitikia kwa vichwa. Ilipofika zamu ya bima ya akiba, Lusekelo alisimama mwenyewe akasema kinachompata anayeishia njiani. Hakuna aliyekimbia. Mzee mmoja alimwambia kwamba sasa ndiyo ameanza kumsikiliza.

Mzee Simioni, naye akiwa amerudi, alinyoosha fimbo. "Niandike mimi. Mlinzi wa msimu."

"Shikamoo, mzee," Lusekelo alisema kwa heshima. "Una miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja."

Lusekelo alishusha kalamu. "Samahani, mzee. Hatuandikishi aliyepita sitini."

Watu walidhani atakasirika. Simioni alimtazama kijana, akatazama watu, uso ukachanua. "Kwa hiyo kampuni nzima ya mjini imeniogopa?"

"Niandike mimi basi," Robi alisema kutoka nyuma. "Mnufaika mwandike huyo."

Darasa liliangua kicheko. Simioni alikaa chini polepole, akafikiri, kisha akamnong'oneza mkewe kwamba kuanzia leo asibebe tena ndoo mbili kwa mpigo.

Siku hiyo waliandikishwa watu saba, watano kati yao bima ya muda, ambayo Lusekelo hakutarajia kuwa ingependwa hivyo. Wa nane alikuwa Scholastica. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita bila kuacha karatasi yoyote, na mtoto wake wa mwisho, Lilian, alikuwa kidato cha pili, akisoma shule ya bweni Mugumu. Alichagua miaka minane, akihesabu mpaka chuo. Alipofika kwenye nafasi ya mnufaika aliiweka kalamu chini, akaipigia simu shule, akaomba aitiwe binti yake.

"Mama, unaumwa?" Lilian aliuliza kwa hofu.

"Siumwi, mwanangu. Nimetoka kula wali sasa hivi. Nitajie jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Hawa watu hawataki makosa."

Lilian alianza kutaja, na mama yake akaandika taratibu, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.