Nusu ya Dirisha

Vestina alipomwomba baba yake pazia, Elisante alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeombwa jambo lisilowezekana. Chumba cha watoto kilikuwa cha kugeuka na kurudi: vitanda viwili vimeegemea kuta zinazotazamana, na katikati kijia chembamba ambacho Lusajo, mdogo wake Vestina, alikipita kwa kuruka, maana gunia la maharage lilikuwa limelala humo. Pazia lingening'inia wapi? Tena Lusajo mwenyewe ana miaka sita, akamwambia, na mmetoka tumbo moja. Unamficha nini?

Vestina aliinamisha macho, akasema basi, akaenda kuosha vyombo.

Elisante alikuwa bwana shamba. Kwao ni Upareni, lakini serikali ilimpangia Kibondo angali kijana, na huko huko akamkuta Evaline, tabibu aliyetoka Tukuyu, wakaoana. Binti yao wakamwita jina la mkunga aliyempokea. Mvulana wakampa jina la babu yake mzaa mama, ingawa Kinyakyusa chenyewe hakijui hata salamu; yeye na watoto wa jirani waligombana na kupatana kwa Kiha. Mwaka huo Evaline alihamishiwa hospitali huko Kasulu. Waliona si vizuri kuwatoa watoto shuleni katikati ya mwaka, basi wakakubaliana wabaki na baba yao, mama awe anakuja kila mwisho wa wiki asiokuwa na zamu. Elisante akajifunza kusonga ugali usio na mabonge, akajifunza kupiga pasi sketi ya marinda, akajiona ameweza.

Jambo moja hakuliona. Chumba kile hakikuwa kidogo kama alivyodhani. Kilikuwa kimejaa vitu vyake. Chini ya kitanda cha Vestina kulikuwa na maboksi ya mbegu. Nyuma ya mlango alisimamisha mipini ya majembe na bomba la kunyunyizia dawa, bovu tangu msimu wa juzi. Mabango ya kufundishia wakulima aliyaviringisha akayapachika juu ya kabati, na kabati lenyewe nusu yake ilibeba makoti yake ya mvua na mabuti. Kila alipokosa pa kuweka kitu alisema kiwekwe kwa watoto, na watoto hawakuwahi kulalamika.

Ilikuwa Juni, baridi ya Kibondo imeshika, asubuhi ukungu unachelewa kuondoka juu ya migomba. Elisante alikuwa anajiandaa kwenda Murungu, wakulima wakimngojea katika shamba la muhogo, aliposikia Lusajo analia barazani. Mlango wa chumba umefungwa kwa ndani, na sare yake iko humo. Elisante alibisha. Vestina akajibu kwamba anaumwa tumbo na leo haendi shule. Baba akamwambia afungue mdogo wake avae. Akabisha tena, safari hii kwa sauti ya ukali, akisema kwamba kuumwa tumbo hakumzuii mtu kufungua mlango.

Mlango ulifunguka kidogo, mkono ukatoa shati, kaptura na viatu, mlango ukafungwa tena. Katika ule upenyo Elisante aliona uso wa binti yake. Macho yalikuwa mekundu, na alijifunga blanketi kiunoni, ameshika ncha zake kwa nguvu zote.

Alimvalisha Lusajo, akampeleka hadi njia panda wanapokutana na wenzake, akarudi kuchukua pikipiki. Ndipo alipoiona shuka kwenye kamba ya nguo, uani, inachuruzika maji. Hakuna aliyemtuma mtoto kufua alfajiri katika baridi ile. Ilikuwa imesuguliwa mahali pamoja hadi maua yake yamefifia.

Elisante alisimama mbele ya shuka ile, kofia ya pikipiki mkononi. Kazi yake ilikuwa kusoma dalili. Alikuwa anaingia shamba la mtu na kwa jani moja tu anautaja ugonjwa: hii ni batobato, au hii ni michirizi ya kahawia, ng'oa kabla haijaenea. Na ndani ya nyumba yake mwenyewe mtoto alikuwa amemwonyesha jani, na yeye akacheka.

Aliwapigia wakulima wa Murungu akawaomba radhi. Kisha akampigia mkewe. Evaline alikuwa wodini, akapokea mara ya tatu, na Elisante hakujua aanzie wapi. Akaanza na shuka. Evaline alimwacha amalize, akavuta pumzi ndefu. Alisema yeye na Vestina walikuwa wameshazungumza alipokuja mara ya mwisho, alipoona dalili kwamba siku zake za mwezi haziko mbali kuanza. Alimwachia vitu vyake kwenye mfuko, akamwambia ikitokea amwambie baba, na mtoto akasema hataweza.

"Nikamwambia basi aanze kwa kuomba pazia," Evaline alisema. "Nilidhani utauliza la nini."

"Niliuliza," Elisante akajibu. "Sikungoja jibu."

Evaline hakumlaumu. Alimwagiza aende kwa Zena, mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, amwombe aje akae na mtoto kidogo, kwa sababu yapo mambo ambayo leo yanataka mwanamke aliye karibu, si simu. Lakini akaongeza kwamba Zena asiende badala yake. Yeye kama baba naye aseme neno.

Zena alikuwa mtu wa Pangani aliyeletwa Kibondo na ndoa na biashara, na watoto wa mtaa mzima walimwita shangazi. Elisante alipofika alianza kuzunguka, akaulizia bei ya mapazia, akashika kitambaa hiki na kile. Zena alimtazama tu. Mwishowe akamuuliza kama ni la Vestina, kama mtoto ameshavunja ungo, na Elisante akakubali kwa kichwa. Zena alimwita msichana wa kazi wa jirani amwangalizie duka, akajifunga mtandio, akamwambia achague rangi taratibu, yeye anatangulia.

Alichagua kitambaa kizito cha bluu chenye vijani vyeupe. Alipofika nyumbani akasikia sauti ya Zena chumbani, ya chini, halafu kicheko, na kicheko kile kilikuwa cha binti yake. Akakaa jikoni hadi Zena alipotoka, akaaga, akasema mtoto hajambo.

Elisante alienda mlangoni. Vestina alikuwa amekaa kitandani, ameoga, amevaa sweta la shule juu ya gauni.

"Mama yako ameniambia," alisema. Maneno mengine aliyoyapanga njiani yalimtoroka. "Hujafanya kosa lolote, mwanangu. Mimi ndiye niliyecheka pasipo na cha kuchekesha."

Vestina alichezea uzi wa mkono wa sweta. "Nilidhani utanigombeza kwa sababu ya shuka."

"Shuka ni kitambaa tu. Siku nyingine maji yapashwe moto, na mimi naweza kufua."

Vestina alisema hapana, atafua mwenyewe, kwa haraka kiasi kwamba wote wawili waliona aibu na wote wawili wakatabasamu, kila mmoja akitazama upande wake.

Mchana ule Elisante aliihamisha ofisi yake. Maboksi ya mbegu yakaenda chini ya kitanda chake mwenyewe, mabango yakaenda sebuleni, mipini ikaenda bandani kwa kuku, na lile bomba bovu likatupwa. Gunia la maharage aliliburuta hadi jikoni. Vestina alifagia, akafuta vumbi, akapanga daftari zake kwenye rafu ambayo hakujua kuwa ipo. Sakafu ilionekana. Elisante alisukuma kitanda cha Vestina kikakaa chini ya dirisha, kwa kuwa ndiye mkubwa na ana masomo, cha Lusajo akakirudisha karibu na mlango, kisha akapigilia misumari, akavuta waya, akatundika pazia. Alisogea nyuma akaitazama kazi yake, akaridhika.

Lusajo alirudi kutoka shule akaingia akikimbia, akakwama. Upande wa dada yake haupo. Upande wake una giza, kwa maana chumba kilikuwa na dirisha moja tu, na dirisha limebaki ng'ambo ya pazia. Alishika kitambaa akakiachia. Alienda kwa baba yake aliyekuwa anachambua dagaa, akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Nimemkosea nini Vesti?"

Elisante alimpakata, mikono ikinuka dagaa. Alimwambia hajakosa chochote, dada anakua tu, na mtu anayekua huhitaji mahali pake. Lusajo alisikiliza, akauliza mama naye alipokwenda Kasulu kama alikuwa anakua. Tangu mama aondoke, kijana huyu alikuwa anapata usingizi kwa kumsikia dada yake akipumua kitanda cha pili. Baba alilijua hilo, na bado alipopima waya hakulikumbuka.

Vestina alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Aliingia chumbani, na baada ya muda wakasikia kitanda kinaburuzwa. Walipoenda kuangalia walimkuta ameegemea chaga, anasukuma kwa bega. Alimwomba baba ashike upande wa pili. Akamwelekeza: kitanda chake kilale upande huu wa dirisha, cha Lusajo upande ule, vichwa vyote viwe ukutani chini ya dirisha, na waya wa pazia upite katikati uanzie kwenye fremu hadi ukuta wa pili. Hivyo kila mtu atapata nusu ya mwanga. Elisante alisema pazia litakuwa fupi. Vestina akasema ndivyo anavyotaka. Lisifike hadi kwenye mito. Pale vichwani paachwe wazi kiasi cha mkono.

"Akiogopa anishike," alisema. "Lakini haruhusiwi kuchungulia, na akitaka kuja upande wangu apige hodi."

Elisante aling'oa misumari yake, akapigilia upya. Lusajo alipanda kitandani kwake, akajilaza, akapitisha mkono kwenye ule uwazi na kuupapasa mto wa dada yake. Kisha akaanza kupiga hodi. Alipiga hodi mfululizo, na Vestina akamkaribisha kila mara, mpaka akachoka akamwambia mwenyeji amesafiri.

Jumamosi Evaline alishuka kwenye basi la Kasulu na mkungu wa ndizi na mfuko wa vitumbua. Alikagua chumba chote. Alifungua kabati, akapima kwa macho pazia lilipoishia, akamtazama mumewe kwa namna iliyomfanya Elisante ajishughulishe na ndizi. Kisha akaingia upande wa Vestina, pazia likavutwa, na hao wawili wakakaa humo wakiongea kwa sauti za chini.

Lusajo alitaka kuwafuata. Elisante alimshika mkono akamrudisha jikoni, akampa kigoda na nyanya za kuosha. Mtoto aliosha moja, akaisikilizia nyumba, akauliza mama na Vesti wanazungumza nini huko.

"Mambo yao," Elisante alisema.

"Na mimi nitakuwa na mambo yangu?"

"Utakuwa nayo."

"Nitakwambia wewe?"

Elisante aliacha kumenya ndizi. Alimwambia ndiyo, amwambie, na hata akishindwa kusema aanze kwa kuomba kitu chochote kile, naye baba atamuuliza ni cha nini na atangoja jibu. Lusajo akafikiri, akasema basi anaomba kitumbua. Elisante akamuuliza ni cha nini. Mtoto akamwambia ana njaa, na baba akaenda kumchukulia.