Mkanda wa Gari la Ishak

Mume wangu Ishak alikuwa na gari ambalo hakupenda litembee. Alilinunua jipya mwaka 2005, na tangu siku hiyo likakaa chini ya banda letu hapa mjini kwetu Samad, limefunikwa turubai. Kila Ijumaa baada ya sala alilifunua, akaliwasha, akalisikiliza likinguruma palepale, kisha akalizima na kulifunika tena. Lilitoka kwa harusi, kwa Idi na kwa wageni wa heshima, basi. Mama yake huko Unguja, ng'ambo ya bahari, alikuwa na vikombe vya kabatini ambavyo wenyewe nyumbani hawakuvinywea chai hata siku moja. Mwanawe kairithi tabia ileile, ila yeye kabatini katia gari.

Firas, mtoto wa dada yangu, ana gereji mjini Ibra. Alikuja kututembelea Ramadhani, akamwambia mbele yangu kwamba mkanda wa taimingi ubadilishwe.

"Ule ni mpira, ami. Unazeeka kwa miaka na kwa joto, hata gari likilala. Ukikatika, injini inazima ukiwa njiani."

"Gari limetembea kilomita elfu ishirini tu," Ishak akamjibu. "Na injini yake haijaguswa spana tangu itoke kiwandani. Nikafungue kitu kizima?"

"Kila Ijumaa unapoliwasha, mkanda unazunguka. Kilomita tu ndizo haziongezeki."

Ishak akacheka, akamuongeza halua. Mimi sikucheka. Tangu siku ile nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnunia, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mwishowe nikasema shauri yake, maadamu mimi silipandi.

Nikalipanda. Ilikuwa Julai, jua la mchana linachoma mpaka ndani ya nyumba. Rumaitha, mke wa mwanangu Yaarub, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alitoka chooni kashika ukuta, kanzu yake ina damu. Yaarub yuko kazini Nizwa. Majirani wote wamekwenda Sur kuzika. Nikapiga simu, nikaambiwa gari la wagonjwa linakuja, lakini linatoka mbali. Niliporudi kwa Rumaitha, damu ilikuwa imefika miguuni.

Ishak alikwisha kuvuta turubai.

Nikasimama mlangoni, Rumaitha kaniegemea begani, nikalitazama lile gari linalong'ara, nikalichukia kama mtu. Tukingoja, damu. Tukiondoka, mkanda. Na hapakuwa na mwingine wa kuamua ila mimi, kwa sababu Ishak alikuwa ananitazama mimi.

"Washa," nikamwambia.

Nilikaa nyuma, kichwa cha Rumaitha mapajani pangu. Barabara kuu ya kwenda hospitali ya Ibra ilikuwa nyeupe kwa jua. Sikusikia kitu kingine ila ile injini. Kila ilipobadilisha mlio, nilimtazama Ishak kwenye kioo.

"Mama," Rumaitha akaninong'oneza, "mtoto hachezi. Min subuh, tangu asubuhi, hachezi."

"Kalala tu, mwanangu. Soma, soma unachokijua." Nilimdanganya. Mkono wangu ulikuwa juu ya tumbo lake, na mimi pia sikuhisi kitu.

"Baba Yaarub, punguza mwendo," nikamwambia Ishak.

"Nikipunguza tutachelewa."

"Ukikimbia hatutafika kabisa!"

Hakupunguza. Niliona shingo yake imelowa jasho.

Tulikuwa tunapanda kilima ndipo ikalia pa!, mara moja tu, kisha kimya. Injini hakuna. Usukani ukawa mzito, Ishak anaukamata kwa mikono miwili, na nyuma yetu lori linapiga honi bila kukata. Nikamlalia Rumaitha, nikashahadia. Lori likatupita karibu sana, gari zima likatikisika. Tukasimama kwenye kokoto za pembeni.

Ishak akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka nyepesi, haikushika. Akazungusha tena, na tena.

"Usiniambie neno, Ghanima."

Nilishuka, nikavua shela yangu ya juu, nikasimama barabarani kuipunga kama mwendawazimu. Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Wa tatu akasimama, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka mji wa Adam, jina lake Hamoud, anapeleka mbuzi soko la Ibra. Alipoiona ile damu hakuuliza kitu, alifungua mlango wa pikapu yake tu. Ishak akambeba Rumaitha mwenyewe, mzee wa miaka sabini na ushei, akamweka mbele. Nikajibana kando yake. Nyuma kumejaa mbuzi, hapakuwa na pa kumpakia Ishak.

"Nendeni!" akapiga kelele. "Yalla, nendeni!"

Hospitali walimpokea mlangoni, wakaingia naye moja kwa moja chumba cha upasuaji. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono yangu inanuka damu na mbuzi. Hatimaye daktari akatoka. Mtoto wa kike, mdogo, lakini analia. Mama yake yuko hai.

"Mngechelewa kidogo tu," akasema, asimalize.

Hapo ndipo hasira ikanipanda. Yaarub alipofika nilimwachia mkewe, nikampigia Firas anipeleke nikamchukue Ishak. Ishak simu aliisahau nyumbani kwa ile haraka, kwa hiyo hakujua lolote. Njia nzima nikapanga maneno. Miaka thelathini na tisa ya ndoa, nilikuwa nayo mengi, nikayanoa moja moja.

Alikuwa kasimama juani, mbali na gari, macho barabarani. Alipotuona akakunja kanzu akaja mbio. Akashika dirisha langu, midomo imepasuka kwa kiu.

"Wazima," nikasema. "Wote wawili. Msichana."

Akakaa chini pale pale kwenye kokoto, akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipozikwa mama yake.

"Nilikuwa nakusikia, Ghanima. Siku zote nilikusikia."

"Sasa kwa nini?"

"Niliogopa wakilifungua wataniambia limezeeka."

Maneno yangu yote yakanipotea, na nikakasirika zaidi kwa kuwa yamenipotea. Nilishuka, nikachutama mbele yake.

"Limezeeka," nikamwambia. "Na wewe umezeeka, na mimi pia. Inuka, unywe maji."