Mahojiano Ndani ya Lori

Zulaikha Nasur aliwafundisha kazi wakubwa wake watatu, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuja wakiwa juu yake tangu siku ya kwanza, na wote waliketi kando ya meza yake wakiuliza karatasi hii inakwenda wapi na muhuri huu ni wa nani. Wa kwanza alikaa mwaka akahamia Nairobi. Wa pili hata huo mwaka hakuumaliza. Wa tatu alikuwa Lawrence Odur, kijana mwenye asili ya Gulu aliyekulia kambi ya polisi ya Naguru, na huyu alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho: haya.

Siku moja, mchana wa kiangazi, ofisi yao ya kusafirisha mizigo pale Nakasero ikiwa kimya, Lawrence alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Dada Zulaikha, nikuulize bila kukukosea heshima. Hiki kiti changu, mbona si chako?"

"Kiti chako kinataka shahada ya uzamili."

"Basi kaichukue."

Zulaikha alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, sita kati yake ameitumia katika ghorofa ile ile, akisindikiza kahawa na parachichi za watu hadi ng'ambo kwa simu na barua pepe. Mizigo yake ilikuwa imefika Antwerp, Jeddah na Guangzhou. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wa Busia.

Lakini neno likishaingia sikioni halitoki. Juma lile lile alianza kutafuta, na baada ya miezi miwili alikuwa ametuma maombi ya kusomea biashara ya kimataifa katika chuo kimoja cha Rotterdam, mji wenye bandari kubwa ambayo jina lake alikuwa akiliandika kwenye fomu kila siku. Lawrence ndiye aliyeandika barua ya kumpendekeza. Aliiandika mara nne, kwa sababu kila mara Zulaikha aliirudisha akisema, "Huyu unayemsifu simjui. Punguza."

Nyumbani Mengo, chini kidogo ya ukuta wa kasri la Lubiri, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mama yake, Bi Husnah, aliyekuwa akisuka na kuuza vitanga vya rangi vya Kinubi, aliipokea habari kwa vigelegele. Baba yake aliweka kikombe chini.

Mzee Nasur alikuwa ameendesha malori ya Mombasa hadi Kampala, na mengine hadi Juba, kwa miaka thelathini na mmoja. Sasa alikuwa na lori lake moja kuukuu la kubeba mizigo ya mjini, na mawazo yake mengi yalipita barabarani kabla ya kufika mdomoni.

"Mama," alimwambia bintiye, kwa kuwa ndivyo alivyomwita tangu utotoni, "gari ikiwa katikati ya mlima, dereva haizimi ati anataka kuangalia ramani. Wewe uko mlimani. Una mshahara, una meza, wanakuheshimu. Unaacha hiyo yote urudi darasani kama mtoto?"

"Sirudi, Baba. Nakwenda mbele."

"Mbele gani hiyo ya kukaa kwa dawati?"

Zulaikha hakubishana naye. Mzee naye hakulitaja tena jambo hilo. Majuma mawili yakapita, wakisalimiana, wakila pamoja, wakizungumza habari za mvua na bei ya dizeli, na neno Rotterdam likiwa limekaa katikati ya sinia kama mgeni asiyekaribishwa.

Mahojiano yalipangwa Alhamisi saa tisa alasiri, kwa video. Zulaikha aliomba ruhusa kazini. Alivaa koti lake jeusi la ofisi, na chini akajifunga gurbaba ya mama yake, vazi la taraza ambalo wanawake wa Kinubi hulivaa siku za shughuli. Kamera isingeiona, lakini yeye alitaka kuwa nayo.

Saa nane na nusu mvua ikaanza. Saa nane na dakika arobaini umeme ukakatika.

Kompyuta yake ilikuwa ya siku nyingi, betri yake haikuweza kuishi hata nusu dakika bila waya. Alimpigia Lawrence, simu ikaita bure; alikuwa mkutanoni. Alitoka barazani kutafuta boda boda, akakuta barabara imegeuka mto wa maji mekundu na waendeshaji wote wamejibanza chini ya paa la duka la dawa. Alisimama pale mlangoni amekumbatia kompyuta, machozi yakimlengalenga, mama yake akimwambia, "Subiri, bambi mwanangu, utarudi tu," bila kusema ni nini kitakachorudi.

Ndipo lori la Mzee Nasur lilipoingia uani likinguruma. Alikuwa ametoka kushusha mabati. Aliteremsha kioo, akamtazama binti yake kuanzia koti hadi gurbaba.

"Ni leo?"

"Ni leo, Baba. Dakika kumi na mbili zimebaki. Umeme hakuna."

Mzee alitazama saa ya dashibodi. Kisha akaufungua mlango wa upande wa pili.

"Panda. Lete hiyo kitu."

Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na kisanduku cha kugeuza umeme wa betri ya gari, alichokitumia zamani kuchemshia chai safarini. Alichomeka waya wa kompyuta, taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Lakini betri imezeeka," alisema. "Injini lazima iwake. Na injini lazima mtu aikanyagie mafuta kidogo kidogo, la sivyo inazima."

"Nani atakanyaga?"

"Unaona dereva mwingine hapa?"

Basi ikawa hivyo. Saa tisa kamili, kwa intaneti ya simu, nyuso mbili zilijitokeza kwenye kioo cha kompyuta: Profesa Hendrika, mama mwenye nywele fupi nyeupe, na mwenzake mwanamume mwenye miwani ambaye jina lake lilimezwa na ngurumo ya radi. Zulaikha aliwasalimu kwa Kiingereza chake cha ofisini. Walikunja nyuso.

"Samahani," alisema profesa, "kuna mashine gani hapo ulipo?"

Zulaikha alifikiria kusema ni jenereta ya jirani. Uongo ulifika hadi ncha ya ulimi. Lakini kando yake alikaa baba yake, ameshika usukani kana kwamba wako kwenye mteremko wa Malaba, mguu ukicheza taratibu juu ya mafuta.

"Ni lori la baba yangu," alijibu. "Umeme umekatika mtaani. Hii ndiyo stima tuliyo nayo."

Mama yule aliinua nyusi, akacheka kicheko cha wazi. "Endelea. Tunakusikia."

Maswali yakaja. Mengine aliyatarajia, akayajibu vizuri. Kisha yule wa miwani akamtajia mzigo wa parachichi uliochelewa njiani siku nne. Angeanza kutafuta wapi? Zulaikha akataja hati, ukaguzi, vibali, ratiba za meli, hatua kwa hatua kama alivyozoea.

"Hayo yako vitabuni," alisema yule bwana bila ukali. "Tuambie jambo ulilolijua wewe, ambalo hukulisoma popote."

Zulaikha aliutupia jicho mguu wa baba yake. Kisha akaanza kusimulia polepole.

Alisema kwamba katika mwaka wake wa kwanza kazini, makontena mawili ya kahawa yalikwama mpakani Malaba siku sita. Ofisi nzima ilipiga simu kwa wakubwa wa pande zote mbili, na hakuna aliyejua kosa liko wapi. Siku ya sita alimpigia baba yake, si kwa kutaka msaada, ila kwa uchovu. Baba yake alimuuliza swali moja tu: kwenye hizo karatasi wameandika namba ya kichwa cha gari au namba ya tela? Kwa maana lori refu lina namba mbili, na mtu wa ofisini huona gari moja. Baba alimpigia dereva mwenziwe aliyekuwa kwenye foleni, yule akatembea hadi kwenye yale magari, akasoma, na kosa likaonekana. Jioni ile ile mzigo ukavuka.

"Tangu hapo niliweka kanuni," alisema Zulaikha. "Hakuna karatasi yangu inayotumwa kabla dereva hajaisoma. Wakubwa wangu wanaiita kanuni ya Zulaikha. Sijawahi kuwaambia kwamba si yangu. Ni ya baba yangu. Nataka kusoma biashara hii ili watu kama yeye wawe mezani karatasi zinapoandikwa, wasiitwe wakati mambo yameharibika."

Kiingereza cha Mzee Nasur kilikuwa cha vizuizi vya polisi na maghala, lakini kilitosha. Alisikia Malaba. Alisikia tela. Alisikia "baba yangu" mara tano. Ile simu alikuwa ameisahau kabisa. Kwake ilikuwa simu ya dakika tatu, miaka sita iliyopita. Hakujua kuwa binti yake alikuwa ameichukua akaijengea kazi nzima. Aligeuka kumtazama, mdomo wazi, na katika kugeuka huko mguu wake ukaachia mafuta.

Injini ikakohoa. Ikazima. Kioo kikawa cheusi.

"Baba!"

"Yallah! Nimesahau mguu!"

Alizungusha ufunguo, lori likalia kama mbuzi, likanyamaza. Akazungusha tena. Bi Husnah alitoka mbio na mwavuli akiuliza kama wamemaliza. Mara ya tatu Mzee alilipiga lori kofi kwenye dashibodi, akaliita kwa majina yote ya Mungu anayoyajua, nalo likaitika. Kompyuta ilichukua dakika nne kuamka. Zulaikha alihesabu kila moja.

Wale wawili walikuwa bado wapo, wanakunywa kahawa.

"Nini kimetokea?" aliuliza Profesa Hendrika.

"Baba alikuwa anasikiliza," Zulaikha alisema, na hapo kicheko kikamshinda. Akacheka hadi akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Tunaweza kumwona?"

Akageuza kompyuta. Mzee Nasur alivua kofia yake, akakaa wima. Profesa aliomba aulizwe ni kitu gani kigumu kuliko vyote mpakani. Mzee alitafakari, safari hii mguu ukiwa imara.

"Mwambie hivi, mama. Kungoja si kazi ngumu. Dereva anajua kungoja. Kungoja bila kuambiwa unangoja nini, hiyo ndiyo inaua mtu."

Zulaikha alitafsiri. Wote wawili, kule Rotterdam, waliinama wakaandika.

Jibu lilikuja baada ya majuma matano, saa sita mchana, Zulaikha akiwa ofisini. Alisoma mstari wa kwanza, kisha akaenda kusimama dirishani akiwapa watu mgongo. Lawrence alikuja, akaisoma barua kwenye kompyuta yake bila kuomba ruhusa, na ghorofa nzima ikasikia sauti ambayo haikufaa kwa meneja. Amekubaliwa, tena kwa ufadhili kamili.

Hakumpigia baba yake simu. Alipanda boda boda hadi Mulago, ambako Mzee alikuwa akishusha saruji kwenye jengo jipya jirani na hospitali. Alimkuta juu ya mzigo, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope.

"Baba, wamenichukua!"

Mzee aliteremka kwa uangalifu, ngazi kwa ngazi. Aliingia ndani ya lori, akaikandamiza honi, asiiachie. Mlinzi alikuja akikimbia.

"Ssebo, we mzee! Hapa kuna wagonjwa!"

"Waambie wapone haraka!" Mzee alipiga kelele kutoka dirishani. "Binti yangu anakwenda Ulaya!"

Jumapili kabla ya safari, ua wao wa Mengo ulijaa. Shangazi walikuja kutoka Bombo na ngoma za doluka za Kinubi, madereva wazee walikuja na mbuzi wawili, na Lawrence alikuja na viatu vipya ambavyo havikujua kucheza. Bi Husnah hakuketi hata mara moja. Kila aliyetaka kumshauri binti yake kuhusu baridi ya huko alipewa sahani ya mikate ya gurusa ili mdomo uwe na kazi nyingine.

Jua lilipoanza kulegea, Mzee Nasur alimvuta Zulaikha kando, karibu na pipa la maji.

"Kuna jambo nataka unifanyie."

"Sema, Baba."

"Miaka thelathini na mmoja nimechukua makontena bandarini Mombasa. Yamekuja na meli, mimi nimeyabeba. Sijui yanakoanzia. Sijawahi kuona. Ukifika kule, siku huna somo, nenda kasimame uangalie wanavyoyapakia. Halafu uniambie. Pole pole, usirukeruke."

Zulaikha aliitikia kwa kichwa, akamshika mkono wake mgumu kwa mikono yake miwili.

"Nyinyi wawili mnajificha nini hapo?" Bi Husnah alikuwa amewafikia, jasho likimtiririka, ngoma zikizidi kupanda nyuma yake. Hakungoja jibu. Alimshika mmoja huku, mwingine huku, akawakokota hadi katikati ya duara, ambako shangazi wote waliwapokea kwa vigelegele na Lawrence akawapisha kwa furaha kubwa.