Fundi Saa na Kabichi Iliyoiva

Hapana, mboga mbichi haikumfanya kitu, ndicho ninachokwambia. Karoti mbichi alitafuna mpaka sungura angeona wivu. Kabichi mbichi, bamia mbichi, hata bilinganya, ambayo mtu mwenye akili zake hali hivyo, zote zilipita salama. Tatizo lilikuwa moto. Mboga ikishaiva tu, basi, Fundi Saa akimeza tonge, mdomo wa chini unamuwasha, unavimba mpaka unakuwa kama ndizi, halafu unaanza kusema.

Si yeye anayesema, ni mdomo. Na sauti ni ya mkewe, ile ya chini anayoitumia jikoni.

Maana mkewe, tusimsingizie, sebuleni alikuwa mtu wa watu. Hajawahi kumfokea mtu mbele ya mtu. Yake yote aliyasema jikoni, mkazamwana wake kainamia sufuria, yeye kasimama nyuma na kikombe cha chai. Huyu mkazamwana ni mke wa mwanawe mkubwa, na walikuwa hawajajaliwa mtoto. Basi maneno yanaingia kwenye mvuke, mvuke unarudi kwenye mboga, mboga inakwenda mezani kwa Fundi. Kitu kibichi hakina hayo. Karoti kuimenya ni mara moja, mtu atapata wapi nafasi ya kutukana akamaliza?

Mara ya kwanza ilikuwa mchicha, mchana, wote wapo. Mdomo ukavimba, ukasema, "Tumbo lako linajua kupokea wali tu." Mwana mkubwa akaomba chumvi. Mama akasema sufuria ile ina kutu, ikanunuliwa nyingine. Wakabadilisha mafuta. Wakaacha gesi wakajaribu mkaa. Kila kitu kilibadilishwa kwenye lile jiko, isipokuwa aliyesimama nyuma.

Wakaenda kwa daktari, na kibakuli kidogo cha mchicha uliopikwa kwenye kikapu ili aone mwenyewe. Fundi akala, akavimba. Daktari akakiweka kile chombo chake cha kusikilizia moyo juu ya mdomo, akasikiliza mpaka mwisho, akamtazama mama, akatazama dirishani. Akasema mzee ale mbichi.

Fundi mwenyewe alikuwa mpole, mtu wa kuweka kioo jichoni akaona unywele ndani ya saa ya kike. Aibu ilimla. Lakini kusema na mkewe, hilo hapana. Alisema amani ya nyumba ni kama saa inayotembea, ukiifungua umeitafuta mwenyewe. Akatafuna karoti zake, na jikoni mambo yakaendelea kama kawaida.

Sasa mwana mdogo naye akataka kuoa. Binti aliyemtaka naye kampenda kweli kweli, kakonda, hata kuchana nywele kaacha. Wakwe wakaja kuiona nyumba: mama wa binti na mjomba wake, mtu mnene wa maneno mengi. Hapo ndipo mama alipomwambia Fundi, "Baba Watoto, leo usinitafunie karoti kama mbuzi mbele ya watu. Kula wanachokula wenzako." Akaahidi na yeye atauchunga ulimi wake jikoni. Na kweli alijichunga, ila mazoea yana taabu, na mkono wa mkazamwana siku ile ulikuwa mzito wa chumvi.

Wageni wakakaribishwa, kabichi ikapakuliwa. Fundi akaangalia sahani, akamwangalia mwanawe mdogo, akameza. Hata kijiko hakijarudi, mdomo umeshainuka.

"Mgumba mkubwa wee," ukasema, polepole, vile vile kama jikoni. "Chumvi hujui, kuzaa hujui. Mke wa shemeji yako akija, wewe utamfulia nepi."

Mjomba akaacha kutafuna. Mwana mdogo akafunika uso. Mama akainama akaanza kuokota punje za wali ambazo hazikuanguka.

Mama wa binti akamgeukia mkazamwana, aliyekuwa amesimama na jagi la maji. "Mwanangu, haya husemwa kila siku, au ni leo tu?"

"Leo yalikuwa machache," akasema mkazamwana. "Mama alikuwa na shughuli za wageni."

Uvimbe ukashuka, maana maneno yalikuwa yamekwisha. Fundi akabaki na mdomo wake mwenyewe, na watu wote wanamtazama huo mdomo, mwanawe mkubwa naye anatazama. Akaupangusa kwa leso. Akasema, "Mtuwie radhi, wakwe zangu. Ni mboga."

Basi wakaijadili mboga. Mjomba akasema hata shangazi yake alikuwa hivyo kwa maharage, na yeye alikuwa anasema ya majirani, afadhali huyu anasema ya ndani. Wakacheka kidogo. Mama wa binti hakucheka. Aliiangalia nyumba, sakafu nzuri, saa za ukutani zote zinakwenda pamoja, kijana mpole, na binti alishasema asipoolewa na huyu haolewi. Mwisho akasema, "Mwanangu atamkatia baba mkwe wake mbichi, kwa mkono wake mwenyewe. Hilo likiwepo, sisi hatuna neno." Nani atapika za wengine, hakuna aliyeuliza.

Posa ikakubaliwa. Mama akashukuru kwa sauti tamu ya sebuleni, akasema chakula kinapoa. Fundi akaletewa karoti. Akamwambia mkazamwana, bila kumtazama, "Weka jagi, mwanangu, ukae na wewe."

Akakaa, pembeni ya mumewe. Akajipakulia kabichi, akala, akaongeza. Yeye haikumvimbisha mahali popote. Na wote wakala.