Skrubu za Sabuni

Kitambaa kilinasa. Nyanchoka alipokivuta, grili nzima ya dirisha la chumba cha kumi na mbili ilitikisika kama jino bovu.

Akaweka ndoo chini. Miaka sita alikuwa akisafisha bweni hili la wasichana, katika chuo cha ualimu kilicho mlimani juu ya mji wa Homa Bay, na grili zake alizijua moja moja. Alikwaruza kichwa cha skrubu kwa ukucha. Rangi nyeusi ikabanduka. Chini yake palikuwa na sabuni, imekandwa ikajazwa tunduni. Skrubu nne, zote sabuni.

Muhula uliopita msichana wa chumba cha tisa alirudishwa kwao Ndhiwa akiwa amejifunika shuka hadi usoni, hataki kuonwa na mtu. Ikasemwa ni malaria. Nyanchoka ndiye aliyesugua damu kwenye godoro lake, na malaria anaijua.

Alimkuta msimamizi wa mabweni, Mochama, stoo akikunja mablanketi. Mtu wa kwao Kisii, mzee wa kanisa lao la Sabato. Mume wa Nyanchoka alipofariki, yeye ndiye aliyemtafutia kazi hii.

"Mzee, kuna dirisha limetolewa skrubu. Wameziba na sabuni."

Mochama aliendelea kukunja. "Umemwambia nani?"

"Wewe ndio wa kwanza."

"Basi niwe pia wa mwisho. Wasichana wakisikia watagoma, chuo kifungwe, sote turudi nyumbani kula nini? Nitaleta fundi Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi, mzee."

"Nimesema Jumatatu, Nyanchoka."

Alikuwa keshafika nje alipong'amua. Bweni lina madirisha arobaini, na mzee hakuuliza ni lipi.

Alirudi kupiga deki. Katika chumba cha kumi na mbili Joyline alikuwa amejinyoosha kitandani, chini ya dirisha lile lile, anasoma huku akiimba kwa pua.

"Mama, mbona leo unasugua mahali pamoja tu?"

"Pana doa, mwanangu."

Hapakuwa na doa. Nyanchoka alitazama miguu ya msichana yule, soksi moja nyekundu na nyingine ya kijivu, akaegemeza fagio ukutani. Akatoka nje, akachokoa sabuni kwa kijiko, akaifunga kwenye ncha ya leso, na kwenda ofisini kwa mkuu wa chuo. Katika miaka yote sita hakuwahi kuvuka mlango ule bila ndoo.

"Bed piny," alisema Madam Aloo, kisha akakumbuka mgeni wake si Mjaluo. "Keti, mama."

Nyanchoka hakuketi. Alifungua leso juu ya meza na kueleza.

"Nani mwingine anajua?"

Swali lilikuwa lile lile. "Mzee Mochama. Nilimwambia asubuhi. Akasema tungoje Jumatatu."

Madam Aloo aliigeuza sabuni kwa ncha ya kalamu.

"Ni dirisha gani?"

Hapo ndipo Nyanchoka aliposhusha pumzi, akaketi.

Alasiri fundi wa kuchomelea alifika, naye Mochama ndiye aliyeishika grili wakati cheche zikirukia gambuti zake. Walipomaliza alimfuata Nyanchoka bombani, akasema naye kwa Ekegusii, kwa upole, kama asalimiavyo watu kanisani.

"Umefanya vizuri, dada. Sasa wasichana watalala." Akafuta mikono. "Na wewe je, kule kwako unalala peke yako?"

Usiku mvua ilinyesha kidogo ikakatika. Kulipopambazuka Nyanchoka alifungua mlango wa chumba chake kwenye nyumba za wafanyakazi, akasimama kizingitini. Topeni palikuwa na nyayo mbili za gambuti, zimekaa sambamba, ncha zimeelekea mlangoni. Zilikuwa zimezama sana. Aliyezikanyaga alisimama hapo kwa muda mrefu, na yeye ndani hakusikia kitu.

Ziwani mawingu yalikuwa yanakusanyika tena, meusi, yakija upande wa mlima.

Fagio lilikuwa karibu, hakuligusa. Alileta karai lake la kufulia, akalifudikiza juu ya zile nyayo polepole asizivuruge, akaweka jiwe juu yake. Kisha akaketi kizingitini, uso kwenye njia anayopita Madam Aloo kila asubuhi akienda ofisini. Njia ilikuwa bado tupu. Tone la kwanza la mvua liligonga karai, halafu la pili.