Vifungo vya Daktari

Daktari alivua koti lake jeupe, akakata kifungo kimoja kwa mkasi, akamkabidhi mama. "Mama, nishonee hiki," alisema, kana kwamba mama alikuwa kwenye kibanda chake cha ushonaji na si kitandani katika wodi ya saratani.

Mara ya kwanza nilidhani anatania. Mara ya pili nilikunja uso. Baada ya hapo nikawa na hakika kwamba mwanamke yule ana lake jambo. Mama alikuwa na saratani ya damu, hafiki msalani bila kushika ukuta, na huyu bingwa wa damu anamtafutia kazi! Nilipompigia kaka simu, alicheka.

"Labda anabana matumizi," alisema.

Mimi sikucheka. Nilianza kumchunguza: alivyoketi kitandani badala ya kusimama, alivyouliza habari za magauni kabla ya habari za homa, alivyokikodolea macho kifungo kikishashonwa. Upole wa namna ile ulinitia shaka. Hadi leo nikiona koti jeupe, macho yangu huenda kwanza kwenye vifungo.

Siku moja nikamfuata koridoni.

"Daktari, mama yangu si fundi wako."

Hakukasirika. "Dawa tunayompa inatia ganzi vidole, na wakati mwingine ganzi haiondoki. Nikimuuliza, ananiambia hajambo. Kwa hiyo natazama anavyoshona. Baba yangu alikuwa fundi redio. Alitibiwa saratani ya damu, akapona, akarudi dukani, hawezi kushika hata skrubu. Madaktari wakatupongeza. Hakuna aliyemuuliza akipona anataka abaki na nini. Ndiyo maana nikasomea kazi hii."

Nilikuwa bado napima kama ni kweli aliponiuliza, "Uzi anatunga mwenyewe?"

Hapo nikakumbuka. Kila mara daktari alipokaribia kupita wodini, mama aliniambia, "Mwanangu, nitungie sindano uzi, uiweke tayari, macho yamechoka." Macho! Macho yaleyale yaliyoona doa kwenye blauzi yangu kutoka mlangoni. Kumbe nilikuwa nikimshuku asiyehusika.

Tulirudi wodini pamoja. Mama alinitolea lile jicho la kutunyamazisha mbele ya wageni.

"Natunga mimi," nilisema hata hivyo.

"Mmbea wewe," mama alinong'ona.

Daktari alimbonyeza ncha za vidole, kimoja kimoja. Mama hakuonyesha kuhisi chochote.

"Kwa nini ulinificha, mama?" daktari aliuliza.

"Ungenipunguzia dawa."

"Ningekuuliza kwanza. Nikipunguza, vidole huenda vikarudi, lakini ugonjwa nao unaweza kurudi. Nikiendelea, huenda usishone tena. Unataka nini?"

Nilimtazama daktari kwa jicho la pembeni. Niliona wazi kwamba alitamani mama achague mikono. Mimi nilitamani mama mzima, kwa vyovyote vile, na niliogopa kufungua mdomo.

Mama aliigeuzageuza mikono yake. Mikono ile ndiyo iliyotusomesha sote. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

"Nataka kuishi," alisema. Kisha akanielekezea kidevu. "Kwenye cherehani atakaa huyu. Vidole vyake vizito, lakini nitamfundisha."

Daktari aliandika kipimo kilekile cha dawa.

Mimi hakuna aliyeniuliza.