Bado Hajatuaga

Mimi sina subira, Mwanga nzima, pale Kigoma mjini, inajua. Mteja akikawia kuchagua kitambaa namtoa dukani. Sasa nipandishe ndege na mama yangu, Leonia, Muha wa salamu ndefu, uone kazi. Rubani alipotangaza "habari za asubuhi" tukiondoka Dar, mama akapiga makofi polepole, kama tunavyosalimiana kwetu, akajibu kwa sauti: "Nzuri, mwanangu! Za huko mbele? Wenzako hawajambo?"

Watu wakageuka. Aibu gani hii!

"Mama, hakusikii. Fupisha basi."

"Kanisalimia, nisimwitikie?"

Nikamwacha. Alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho, anaona tena, na alichokitaka duniani ni kimoja: uso wa Recho, binti yangu, aliyemlea tangu kuzaliwa kwa kumpapasa tu.

Karibu na Kigoma tukaingia kwenye wingu zito. Ghafla ndege ikalala ubavu, pua ikaelekea chini. Mikoba ikaruka, watu wakapiga kelele, "Yesu!" "Yarabi!" Dirishani ziwa tupu, linatujia. Nikalia, tena kwa hasira: yaani macho yamepona ili yaone maji haya, mtoto asimwone?

Mama akanishika mkono. "Winfrida, tulia. Huyo katusalimia, bado hajatuaga."

Injini zikanguruma, tukakandamizwa vitini, bawa likainuka taratibu. Ziwa likarudi chini, mahali pake, na ufuko wa Bangwe ukaonekana pembeni.

"Abiria, poleni sana," rubani akasema. "Ndege imetulia. Tunatua."

"Pole na wewe, mwanangu!" Mama akapiga makofi yake. Safari hii ndege nzima ikapiga naye, polepole vilevile.

Tulipotua, rubani alisimama mlangoni, shati limelowa jasho. "Shikamoo mama. Kwaheri."

"Marahaba. Kwaheri ya nini? Watoto hawajambo? Mama yako je?"

Foleni ikasimama nyuma yetu. Akajibu moja moja, machozi yanamtoka.

Nje Recho akaja mbio. Mama akamtazama weee, nikaogopa labda haoni. Kisha akapiga makofi.

"Hujambo, Recho? Macho hayajambo? Pua je, haijambo? Na hiki kishimo cha shavuni, kumbe kipo!"

Akaendelea hadi vidole vya miguu. Dereva wa bajaji akaniuliza, "Dada, twende?"

"Ngoja bwana! Huoni watu wanasalimiana?"